Dawa ya konokono isiyodhuru mbwa, samaki wala udongo: wanakemia wamefika wapi?

Swali, kutoka kwa katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga, Kabare

Ndugu wasomaji, nawasalimu kutoka milima ya Kabare, juu ya Bukavu. Kikundi chetu ni cha akina mama wanaolima kabichi, karoti na lengalenga kwa ajili ya masoko ya mjini. Tangu mvua za Septemba ziliporudi, konokono hutoka kila usiku, wenye gamba na wasio na gamba, na miche ya kabichi tunayoipandikiza jioni tunaikuta asubuhi imebaki vijiti vitupu. Maharagwe yanayochipua nayo hayasalimiki.

Sokoni zinauzwa punje za rangi ya buluu, zinazopimwa kwa kijiko na kufungwa katika vifuko vya plastiki visivyo na jina wala maelezo yoyote. Kwamba zinaua konokono, hilo halina ubishi. Lakini mbwa wa jirani yetu alizila, akatetemeka usiku kucha na kufa kabla ya mapambazuko, na tangu hapo baadhi ya wenzetu hawataki hata kuziona, kwa sababu watoto wao hushinda mashambani pamoja nao. Wengine wanajibu kwamba bila punje hizo hakuna kabichi, na bila kabichi hakuna ada ya shule. Pande zote mbili zina haki, na mimi ndiye ninayepaswa kupeleka jibu katika mkutano wetu ujao.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, punje hizo ni kitu gani na zinauaje? Pili, je, wataalamu wa kemia wamepata kitu kinachomwua konokono na kuwaacha wengine wazima, au tunachagua tu kati ya sumu na sumu? Msisahau kwamba maji yote ya mashamba yetu yanateremka hadi Ziwa Kivu, na kwamba wengi wetu huko chini wanayanywa.

Jibu la 1, kutoka kwa agronomu, Bukavu

Mama Katibu, kwa maelezo uliyoyatoa, yaani rangi ya buluu, mitetemeko ya mbwa na kifo cha haraka, ninaelekea kuamini kwamba punje hizo zina metaldihaidi, ingawa kifuko kisicho na jina hakimpi mtu yeyote uhakika. Metaldihaidi imetumika dhidi ya konokono tangu miaka ya 1930, ilipoonekana kwamba vidonge vilivyotengenezwa kwa kemikali hiyo kwa ajili ya kuwashia majiko madogo ya safari vinawaua konokono wanaovigusa. Inapoingia mwilini mwa konokono huharibu chembe zinazotengeneza ute, naye humwaga ute wake wote na kukauka. Ndiyo maana asubuhi unamkuta amelala juu ya utelezi wake mwenyewe.

Hapo ndipo penye udhaifu ambao wauzaji hawausemi, nao unatuhusu sana sisi tunaoishi kwenye mvua. Kwa kuwa dawa hii inaua kwa kumkausha, konokono aliyekula kiasi kidogo kisha akanyeshewa au akabaki chini ya majani yenye unyevu anaweza kurudisha maji yake na kupona. Mkulima anayemwaga punje usiku wa mvua kubwa anapoteza fedha yake, na kesho yake anaongeza kipimo, na punje za ziada zinabaki pale zikimsubiri mbwa, kuku au mtoto. Mbwa mwenye kilo 10 anaweza kuuawa na gramu 40 hivi za punje zenye asilimia 5 ya metaldihaidi, na pengine na chini ya hapo. Punje hutengenezwa kwa unga wa nafaka ili zimvutie konokono; unga huohuo unamvutia mbwa.

Kuhusu maji, hofu yako ina msingi. Metaldihaidi haishikamani vizuri na udongo, kwa hiyo mvua huisukuma hadi mitoni, na mitambo ya kusafisha maji inashindwa kuiondoa kwa urahisi. Huko Uingereza ilikuwa ikipatikana mara kwa mara katika mito kwa kiwango kilichozidi kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa lita kinachowekwa kwa kila kiuatilifu katika maji ya kunywa. Serikali yao ilikataza matumizi yake nje ya nyumba za kuoteshea mimea kuanzia mwisho wa Machi 2022, kwa ajili ya usalama wa ndege na wanyama wengine wa porini. Punje nyingine zilizowahi kuenea, zile za methiokarbu, Umoja wa Ulaya uliziondoa mwaka 2014.

Kilichochukua nafasi ni chuma, na hasa fosfeti ya chuma. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 na Ulaya mwaka 2001, na inakubaliwa hata katika kilimo hai cha Ulaya. Konokono akiila huacha kula, hujificha chini ya udongo au majani, na kufa baada ya siku 3 hadi 6. Panya wa maabara hupewa zaidi ya miligramu 5,000 kwa kila kilo ya uzito wao bila kufa. Jibu langu fupi kwa mkutano wenu ni hili: acheni vifuko visivyo na jina, na muulizeni mkaguzi wa kilimo wa mkoa ni wauzaji gani walioruhusiwa wanaoweza kuagiza punje za fosfeti ya chuma zikiwa katika pakiti yake.

Jibu la 2, kutoka kwa mkulima, Walungu

Namshukuru agronomu, lakini naona tunaruka mto kwenda kuchota maji ng'ambo. Sisi Walungu hatuna fedha ya kuagiza punje kutoka Ulaya. Wazee wetu walikuwa na mimea yao. Kuna tefrosia, ambayo tunaipanda kando ya mashamba, na majani yake yakipondwa na kulowekwa huua wadudu wengi. Kuna tumbaku. Kuna majivu ya jikoni, ambayo konokono hayavuki. Kuna pia kahawa, ambayo nimesikia inawaua konokono, na kahawa hapa Kivu haikosekani. Kwa nini tusitumie vitu vya asili ambavyo havina kemikali, badala ya kubadilisha kemikali moja kwa nyingine?

Jibu la 3, kutoka kwa mwalimu wa kemia wa chuo, Bukavu

Ndugu wa Walungu, hoja ya fedha ni ya kweli. Lakini ile ya kwamba kitu cha asili hakina kemikali naomba niipinge kwa heshima yote, kwa sababu katika suala hili inaweza kuleta maafa.

Tefrosia inaua kwa sababu ya sumu iitwayo rotenoni, na wavuvi wa Afrika wameitumia kwa vizazi vingi kulevya samaki mtoni. Mkulima wa Kabare akinyunyizia tefrosia kwenye mteremko siku ya mvua, ananyunyizia sumu ya samaki juu ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaolisha mji wetu. Tumbaku nayo ina nikotini, ambayo ni hatari kwa mtu anayeichemsha na kuishika kwa mikono mitupu kuliko metaldihaidi yenyewe. Majivu yanafanya kazi yakiwa makavu. Mvua ya kwanza inayamaliza.

Kahawa inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa imechunguzwa kwa makini. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walitangaza katika jarida la Nature kwamba mmumunyo wenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 unaua konokono na koa, na kwamba hata asilimia 0.01 inawapunguzia hamu ya kula majani. Walikuwa wakitafuta dawa ya vyura wavamizi, wakaona koa wakifa. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, lakini tuitazame kwa hesabu. Kikombe cha kahawa nyepesi kina takriban asilimia 0.05 ya kafeini, kwa hiyo kinaweza kumkera konokono lakini hakimwui. Ukiifikisha asilimia 2 baadhi ya mimea huungua majani, ikiwemo saladi. Na gramu kwa gramu, sumu ya kafeini kwa panya haitofautiani sana na ile ya metaldihaidi. Tumeizoea tu kwa sababu tunaikunywa ikiwa nyepesi.

Sasa nirudi kwenye swali la Mama Katibu, ambalo ni zito kuliko linavyoonekana: je, inawezekana kupata kitu kinachomwua konokono peke yake? Kwa muda mrefu wanakemia walichukua viuadudu na kuvijaribu kwa konokono. Methiokarbu na methomili, ambayo hutumika sana kama kipimo cha kulinganishia katika majaribio ya konokono wa mashambani huko Misri, ni za jamii ya karbamati. Zinafunga kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara za neva baada ya kufika kwenye msuli. Konokono anacho kimeng'enya hicho. Nyungunyungu anacho. Ndege, mbwa na mimi ninayeandika tunacho. Methomili inamwua panya kwa miligramu 20 hivi kwa kilo, na ukipiga mahali ambapo viumbe wote wanafanana, usitarajie sumu ichague.

Njia ya pili ni kutafuta mahali ambapo konokono anatofautiana nasi. Anategemea ute kwa kutembea, kwa kuhifadhi maji na kwa kujikinga. Anajenga gamba kwa kalisi. Damu yake inabeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu. Na tumbo lake lina tezi kubwa ya mmeng'enyo inayofyonza karibu kila kitu anachokula. Ute wenyewe ni kikwazo kwa mtafiti: dawa ya kumnyunyizia juu ya ngozi huzolewa na ute kabla haijapenya, na ndiyo sababu vitu vingi vinavyofaulu katika bakuli la maabara hushindwa shambani, na kwa nini viuakonokono vya nchi kavu karibu vyote huwekwa ndani ya chambo.

Chuma kinapita katika mlango huo wa tumbo. Fosfeti ya chuma peke yake haiyeyuki kwa urahisi. Konokono akiila bila msaada, nyingi hupita na kutoka. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na konokono wanatambaa juu yake bila shida. Siri iko katika kiungo cha pili, yaani kelati, molekuli inayokikumbatia chuma na kukiingiza katika ukuta wa tumbo, ambako kinaharibu chembe hai za tezi ya mmeng'enyo. Watafiti wa Uingereza na wa Australia walilifanyia kazi wazo hili kwa miaka mingi, na kelati zinazotumika sana ni EDTA na EDDS.

Hapa agronomu ataniruhusu niongeze tahadhari ambayo pakiti haiisemi kwa herufi kubwa. Usalama wa fosfeti ya chuma iliyo safi si usalama wa punje nzima. EDTA ikiongezwa, chuma kinaingia pia kwa urahisi zaidi katika mwili wa nyungunyungu anayekula punje, na mbwa aliyekula pakiti nzima anaweza kuugua kwa chuma kuzidi mwilini. Hatari hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya metaldihaidi, wala simwogopeshi mtu. Ila nikiulizwa mwanakemia kijana wa Kivu aelekeze nguvu zake wapi, nitasema hapa: kelati inayooza upesi udongoni. EDTA inakaa muda mrefu, EDDS inavunjwa na bakteria mapema zaidi.

Jibu la 4, kutoka kwa msomaji wa Lubumbashi, fundi wa maabara ya udongo

Nimefuata mjadala huu kwa hamu kubwa na ninaomba kuongeza neno kutoka Katanga, kwa sababu jambo la kelati linatugusa kwa namna ya pekee. Bustani nyingi za mboga za Lubumbashi ziko katika udongo uliopokea moshi na vumbi la tanuru la shaba lililoanza kazi mwaka 1911. Shaba, zinki, kadmi na risasi zimo humo, nyingi zikiwa zimefungwa katika chembe za udongo. EDTA haichagui chuma peke yake. Inaweza kuzifungua metali hizo na kuzipeleka kwenye mizizi. Kiasi kilicho katika punje chache ni kidogo, lakini anayelima bustani hiyohiyo mwaka hadi mwaka na kumwaga punje bila kipimo anapaswa kulijua hilo.

Wapo pia wanaomwaga sulfati ya shaba au ile dawa ya ukungu ya nyanya yenye shaba ili kuwafukuza konokono. Shaba kweli inawakera na kuwaua, lakini haiozi kamwe, na nyungunyungu huathirika nayo vibaya. Kabare hamna tatizo letu. Msilinunue.

Jibu la 5, kutoka kwa mkulima, Walungu

Mwalimu, nimekuelewa kuhusu tefrosia, na nitawaambia wenzangu walio karibu na mito. Lakini kuna mmea mmoja ambao hukuutaja. Kule Ethiopia wanauita endodi, na nimeambiwa kwamba hata huku kwetu milimani unaota wenyewe kwenye vichaka. Nasikia matunda yake yaliwahi kutumika kuua konokono wa kichocho. Huo nao una ubaya gani?

Jibu la 6, kutoka kwa mwalimu wa kemia wa chuo, Bukavu

Swali zuri sana, ndugu yangu, na mfano huo una heshima yake. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aliona huko Adwa konokono wengi waliokufa mtoni, chini kidogo ya mahali ambapo wanawake walikuwa wakifua nguo kwa povu la matunda ya endodi, yaani Phytolacca dodecandra. Kazi yake ilimletea tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989, na kwangu mimi inabaki ushahidi kwamba uvumbuzi mkubwa wa dawa unaweza kuanzia mikononi mwa akina mama wa Afrika wanaofua nguo. Mmea huo ni wa milima yetu pia.

Kiini chake ni saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni na kupasua ngozi nyembamba ya chembe hai. Vinaoza ndani ya siku chache, na hilo ni jema kubwa. Lakini vilifanya kazi kwa konokono wa majini, ambaye anaogelea ndani ya dawa saa zote. Konokono wa shambani hukutana na tone moja, hulifunika kwa ute, na kuendelea na safari. Na kwa samaki, saponini ni sumu kali kwa sababu hushambulia matamvua yao. Hata saponini ya mbegu za chai, inayotumiwa Asia dhidi ya konokono wa mpunga, ina tatizo hilohilo. Niklosamidi, kemikali ya viwandani inayotumiwa dhidi ya konokono wa kichocho, nayo inaua samaki.

Sisemi saponini zitupwe. Nasema zisinyunyizwe. Zikiingizwa ndani ya chambo kikavu kinachozuia mvua kuziyeyusha, ambacho konokono anakitafuna na kukimeza, kipimo kinachohitajika kinaweza kushuka sana na kinachofika ziwani kikawa kidogo. Huo ni utafiti unaoweza kufanyika hapa, kwa mmea wa hapa, mradi kila hatua ijaribiwe kwanza kwa nyungunyungu, kwa samaki na kwa kuku, si kwa konokono tu. Kampaundi ambayo imejaribiwa kwa konokono peke yake imejibu nusu ya swali, tena ile nusu nyepesi.

Katibu wa kikundi, Kabare

Nawashukuru wote, na wewe Papa wa Walungu hasa kwa kuuliza yale ambayo wengi wetu tungeyauliza. Katika mkutano nitapendekeza tuagize kwa pamoja pakiti moja ya fosfeti ya chuma, tuijaribu katika mashamba ya wachache, na tuwe tunaokota konokono kwa mkono jioni kama tulivyokuwa tukifanya. Lakini najua watakachosema: wakiamka asubuhi wasikute konokono waliokufa, watadai tumeibiwa. Tufanyeje ili jaribio letu liaminike?

Jibu la 7, kutoka kwa agronomu, Bukavu

Mama, usiwaache wahesabu konokono waliokufa, kwa sababu waliokula chuma hufia mafichoni na wengi hawataonekana kamwe. Wahesabu miche. Katika kila shamba gawanyeni matuta yanayofanana, yenye miche iliyopandikizwa siku ileile na udongo wa aina moja; nusu yapate punje, nusu yasipate, na yale yasiyopata yasiwekwe yote upande mmoja ulio karibu na kichaka, maana konokono hutoka huko na jaribio litakuwa limepotoka kabla halijaanza. Mtu asiyejua ni matuta gani yaliyotiwa punje ndiye ahesabu miche iliyobaki mizima na iliyoliwa, kila asubuhi kwa majuma mawili.

Punje zitawanywe jioni, moja moja, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa punje zenye asilimia 1 kiasi cha kawaida ni gramu 5 kwa mita mraba, na zikilundikwa haziui zaidi, zinawaita tu kuku na mbwa. Ziwekeni siku mbili tatu kabla ya kupandikiza, ili konokono wenye njaa wazikute kabla ya kabichi. Na kwa matuta yasiyo na punje, wekeni usiku vibakuli vya kasiksi, yaani pombe ya ndizi, iliyochacha mbali kidogo na miche, kwa kuwa harufu ya chachu inawavuta koa. Lakini fanyeni hivyo baada ya majuma mawili ya kuhesabu kwisha, la sivyo hamtajua ni kipi kilichosaidia.

Jibu la 8, kutoka kwa mwalimu wa kemia wa chuo, Bukavu

Naongeza moja tu. Vifuko vya punje za buluu ambavyo bado viko majumbani visitupwe chooni wala mtoni, wala visichomwe jikoni. Vikusanyeni katika chombo kimoja chenye kifuniko kigumu, kiandikwe kwa herufi kubwa, kifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, hadi mkaguzi wa kilimo atakapowaelekeza vipelekwe wapi. Na mkianza kuhesabu miche, nitumieni takwimu zenu hapahapa. Nina wanafunzi wawili wanaotafuta somo la tasnifu, na ningependa waanzie katika matuta yenu.